Kulala na Kuamka Tu

"Afupishaye njia kwa ulimi, huulizwa mbona hafiki." Mlicheka shangazi yenu alipomwambia Deusi hivyo, pale kijana huyo aliposema Guangzhou anakokwenda, huko China, ni hapa tu. Sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka hapa hapa Mbinga, nyumbani kwa jirani yangu Kunigunda, na yalianza namna hii.

Kunigunda alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Odilo. Odilo akapata kazi Vancouver, huko Kanada. Siku ya kuagana mama alilia hata chakula kikamshinda. Odilo akamkumbatia. "Usilie, Mama. Siku hizi hakuna mbali. Napanda ndege, nalala, naamka, nimefika. Ukiniita leo, kesho niko mlangoni."

Mama akafuta machozi. Tangu hapo, kanisani na sokoni, akawa anawaambia watu, "Kwa mwanangu ni kulala na kuamka tu."

Odilo alijua sivyo. Kutoka Vancouver hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo elfu kumi na tano, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Unashuka Ulaya, unangoja, unapanda nyingine. Ukifika Dar, basi la huku kwetu bado linakusubiri. Lakini kila alipopiga simu aliona vibaya kumrudishia mama machozi.

Kisha baba yake, mzee Ndunguru, akafariki ghafla. Kunigunda akampigia mwanawe.

"Baba yako ametutoka. Njoo umzike."

Odilo akalia kwenye simu. Nafasi ya ndege ingepatikana siku ya nne, lakini hakuthubutu kulisema hilo. "Nakuja, Mama. Kesho."

Kaburi likachimbwa. Kesho yake watu wakakaa hadi jua likazama. Kunigunda akawasihi, "Tungojeni, mwanangu yuko njiani." Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu wazee wa ukoo wakasema imetosha, wakazika. Odilo alipata habari hata hajatoka kwake. Aibu ikamshika, akaiacha safari. Mama yake hakulitaja tena jina lake mbele za watu.

Miaka ikapita. Siku alipokuja hatimaye, Odilo alishuka kwenye basi miguu imevimba, viatu ameshika mkononi. Kunigunda, ambaye macho yalikwisha kufifia, akaipapasa ile miguu.

"Umepatwa na nini?"

"Ni safari, Mama. Leo siku ya tatu niko njiani."

"Ya tatu? Si kulala na kuamka?"

"Haijawahi kuwa hivyo. Niliogopa utalia."

Kunigunda akaiachia ile miguu. "Ningelia, mwanangu, nikanyamaza. Badala yake nimekaa miaka yote nikijiuliza nilikukosea nini hata ukakataa kumzika baba yako, nawe uko karibu hivyo."

 Wakakaa pamoja majuma machache, kisha Odilo akarudi kazini.

Masika yaliyofuata Kunigunda akafariki. Odilo alipopigiwa simu, safari hii alisema kweli: "Mzikeni. Mimi niko mbali, sitawahi."

Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Watoto wa dada yake wakamuuliza kwa nini bibi aliishi miaka mingi akiwa na kinyongo. Odilo akawajibu, akilitazama kaburi, "Afupishaye njia kwa ulimi, huulizwa mbona hafiki."