Mchi wa Maji wa Mize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kinu na mchi, na mtu wa kutwanga.

Basi sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na anayesinzia afinywe.

Hapo kale mji wa Kinuni ulikuwa na mfalme aliyeitwa Mangusha, na mfalme huyo alipenda wali. Si wali wowote. Mweupe, usio na chuya hata moja. Ili aupate, wanawake arobaini walitwanga uani kwake kila siku, tangu jua kuchomoza hadi jua kutua. Twanga, pepeta, chekecha. Twanga, pepeta, chekecha. Waume zao waliambiwa kwamba hiyo ni heshima kubwa, na waume, kwa kuwa si wao waliotwanga, wakakubali.

Kati ya hao arobaini walikuwamo Mize na dada yake mkubwa, Somoe. Somoe alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja, jua la saa sita, alianguka kando ya kinu, na mimba ikatoka palepale uani. Msimamizi wa mfalme akaja, akatazama, akauliza:

"Mchi wake ataushika nani?"

Hakuuliza lingine. Aliyeushika ni Mize. Siku hiyo alitwanga vinu viwili.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kazi ya uani, alikwenda kufua nguo za dada yake kwenye maporomoko, nje ya mji. Alikuwa analia, na mtu anayelia hutazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Alichokitazama ni gogo lenye shimo, lililokwama juu ya jiwe. Maji yalijaa shimoni, ncha hiyo ikainama, ikayamwaga. Ncha ya pili ikaanguka, ikagonga jiwe: ko. Maji yakajaa tena. Siku ya pili Mize akarudi kulitazama. Siku ya tatu akarudi na shoka.

Akachonga boriti ndefu. Upande mmoja akachimba hodhi la maji, upande wa pili akafunga mchi, na chini ya mchi akaweka kinu. Wanawake wakaja kumcheka. Walipoona, vicheko vikakatika. Mchi ulikuwa unatwanga wenyewe.

Nyinyi mngefanyaje hapo? Mngecheza. Nao walicheza mpaka vumbi likatimka. Mize akamwambia dada yake kwamba kazi ya kutwanga imekwisha, sasa watapumzika mchana kama watu.

Mfalme alifurahi kuliko wote. Akampa Mize kanga mbili na cheo cha Mama wa Mchi. Kisha akakaa akafikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisema kama mchi mmoja wa maji unafanya kazi ya wanawake arobaini, basi michi kumi itamaliza mpunga wote wa nchi. Na kama ni hivyo, mpunga uliopo ni kidogo. Ikajengwa michi kumi. Mto ukageuzwa maji yote yaende kwenye michi hiyo, bustani za watu zikakauka. Wale wanawake arobaini wakatolewa uani, wakapelekwa mabondeni kulima mpunga. Wakaongezwa wengine arobaini, na safari hii waume zao pia. Mchele wa Kinuni ukauzwa hata kwa wafalme wa ng'ambo ya milima. Waliolima wakala mihogo.

Jioni moja Somoe alikuwa anajibandua ruba miguuni. Akamwambia mdogo wake taratibu, bila hasira:

"Mchi wa zamani nilikuwa naujua. Nikichoka mimi, na wenyewe unalala. Huu wako hauchoki, mdogo wangu."

Asubuhi Mize akaenda kwenye maporomoko, akakata magongo kumi, akayakaza chini ya boriti kumi. Michi ikasimama. Mji mzima ukawa kimya, na watu wa mabondeni, waliposikia ule ukimya, waliacha kulima wakaja kuona.

Askari wakatumwa. Walimkuta Mize amekaa juu ya boriti, na nyuma yake wanawake themanini na majembe yao. Siku ya kwanza askari walitisha. Siku ya pili walibembeleza. Siku ya tatu njaa iliwashika, maana na wao walikula kutoka chungu cha mfalme, na chungu kilikuwa kitupu. Wanawake wakawapa mihogo. Askari wakaweka mikuki chini ili wapate mikono ya kumenyea. Mangusha alipoona hivyo, akatoka kwa mlango wa jikoni, akapanda punda, akaenda kwa wale wafalme aliokuwa akiwauzia mchele.

Hayo ndiyo mapinduzi ya Kinuni, msije mkasimuliwa mengine.

Watu wakakusanyika. Nani aongoze? Wangemchagua Mize, lakini Mize alikuwa amelala, kwa kuwa siku tatu hakufumba jicho. Aliyesimama ni Makarani, mwimba sifa wa mfalme, aliyezoea kusema mbele za watu. Aliimba wimbo wake uleule wa sifa, pale penye Mangusha akatia "wananchi". Akasema hapatakuwa na mfalme tena. Wakashangilia. Akasema lakini kiti kisiachwe wazi, Mangusha asije akakirudia. Yeye atakikalia kidogo, akitunze. Wakamwita Mtunza Kiti.

Siku ya kwanza Mtunza Kiti alikula mihogo. Siku ya pili aliomba wali kidogo, kwa kuwa koo la kuwasemea watu hukauka. Siku ya tatu aliona wali una chuya. Akaagiza Mize aitwe.

Alimweleza kwa upole kwamba michi sasa ni mali ya watu wote, na anayeisimamisha anataka Mangusha arudi. Mize akayang'oa magongo. Michi ikaanza, ko, ko, ko, kutwa nzima, na watu wakarudi mabondeni. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa walilima huku wakiimba kwamba wako huru.

Mize alitamani kuisimamisha michi tena. Lakini askari safari hii walikuwa wamekwisha shibishwa wali. Ndipo alipokumbuka kwamba Makarani hajapata kugusa mchi maishani mwake.

Alfajiri, kabla maji hayajafunguliwa, alikwenda mtoni na dada yake. Somoe akashika boriti, Mize akaikata kwa msumeno upande wa chini, akabakiza kidogo, akaziba kwa matope. Alasiri boriti ikavunjika kwa kishindo. Siku ya pili ikavunjika nyingine. Siku ya tatu, nyingine. Makarani akaja mbio.

"Ni nini hiki, Bi Mize?"

"Ni jua, Mtunza Kiti. Mti ukilowa tangu asubuhi, jua la alasiri huupasua. Usimame saa sita, utadumu. Na wakulima wasimame saa hiyohiyo, la sivyo mpunga utarundikana uoze."

Makarani akaitazama boriti. Hajui mti, hajui maji, na aibu ya kutojua ilimtisha kuliko hasara. Akasema jambo hilo hata yeye alikuwa ameshaling'amua. Kabla ya magharibi mbiu ikapigwa: kwa hekima ya Mtunza Kiti, kuanzia kesho kazi yote nchini itakoma saa sita.

Ikakoma kweli. Kila mwaka Makarani alitoa hotuba ndefu kueleza alivyogundua uchovu wa mti, na wataalamu kutoka ng'ambo ya milima walikuja kuiandika. Wakati wa hotuba mojawapo, Somoe alimkuta mdogo wake amejinyoosha mkekani. Akamuuliza kama haoni uchungu, mtu mwingine kusifiwa hivi.

"Naona, dada, kwa nini nisione?" Mize akasema. "Lakini yeye kiti amekipata kwa uongo wake, na mimi alasiri nimeipata kwa uongo wangu. Nisogezee huo mto nilale."

Ngano yangu imefika mlangoni, naifungulia itoke. Aliyeipenda aifuate, aliyechoka nayo aifungie nje.