Bwana Teobaldi Azuiwa Langoni Kwake

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Zamani zile, mawe yakiwa bado laini na mbu hawajajifunza kuimba, katika nchi ya mbali yenye baridi kali waliishi mabwana ndani ya ngome. Kila bwana alikuwa na mashujaa wake wapanda farasi, waliovaa chuma toka utosini hadi unyayoni. Ndiyo, Mwanahawa, chuma! Hata kujikuna ilikuwa kazi.

Shujaa mmoja aliitwa Ansgari. Alikuwa mtiifu, mtiifu kupita kiasi. Bwana wake, Teobaldi, alipokwenda vitani alimwapisha mbele ya watu: "Asiingie mtu langoni hapa, hata akija anayejiita mimi! Ukimwingiza, nakukata kichwa."

"Nimeapa, bwana."

Vita vikaisha. Teobaldi akarudi, njaa inamuuma, akagonga. Ngo, ngo, ngo!

"Nani?"

"Mimi, bwana wako!"

"Ulisema atakuja mtu aseme hivyo."

"Ansgari, huioni sura yangu?"

"Naiona, bwana, na umekonda, pole sana. Lakini nikikuingiza utanikata kichwa."

"Usiponiingiza nitakukata vilevile!"

"Hicho sasa ni kitisho kipya. Sikukiapia."

Teobaldi akafura. Akaizingira ngome yake mwenyewe! Akawaita wakulima wote, maana wajibu wao ulikuwa kumpigania bwana, nao wakaiacha ngano imeiva shambani. Mkewe, Bi Radegunda, akawa anamshushia mchuzi kwa kapu kutoka ukutani.

"Mke wangu, usimlishe adui!" akafoka, huku anakula.

Walio nje walirusha mawe. Walio ndani waliyarudisha kwa adabu, maana mawe yenyewe yalikuwa machache.

Mara mbingu zikawa nyeusi. Ansgari, juu ya lango, akaiona ngano imeinama, akawaona kina mama wakitazama mawingu na kulia. Mvua ikinyesha, ngano itaoza, na baridi ikija watoto watakufa njaa. Akalia ndani ya kofia yake ya chuma, machozi asiweze kuyafuta. Afungue, avunje kiapo? Asifungue, aue watoto?

Akashuka, akashika nyundo, akaubomoa ukuta kando ya lango. Pu! Pu! Pu!

"Unafanya nini, mwendawazimu?" Teobaldi akapiga kelele.

"Niliapa kulinda lango, bwana. Ukuta hukuniapisha."

Teobaldi akaingia kwa magoti katika tundu hilo. Wakulima hawakungoja ruhusa. Walitimua mbio shambani, wakavuna mpaka mganda wa mwisho, ndipo mvua ikamwagika.

"Na kichwa changu?" Ansgari akauliza.

Bwana akamtazama mkewe, aliyeshika mwiko mkubwa. "Kaa nacho," akasema. "Ila lango lifungue."

"Siwezi, bwana. Nimeapa."

Basi, mpaka anazeeka, Bwana Teobaldi aliingia kwake kwa magoti.

Sikilizeni, wanangu: ukimwamuru mtu, fikiri kwanza amri yako itamwangukia nani. Na ukiapa, apa, lakini akili yako baki nayo mwenyewe.

Kisa nimekitua hapa chini. Mwenye mabega akibebe.