Mkawasi Mwenye Vibuyu Vitupu

Sogeeni mbele, nyie wa nyuma, maana kifua changu siku hizi hakina nguvu na habari za Mkawasi hazisemwi kwa kupayuka. Enzi za mababu waliowazaa babu zetu, watu wetu walipokuwa bado kwenye nyanda za Kirindi, alikuwako Mkawasi binti Maghanga, mjukuu wa Mwandoe mchimba visima, mwanamke wa mabega mapana na maneno machache, aliyeolewa na Mwakio mwana wa Wakesho. Huyo Wakesho, mama mkwe wake, ndiye aliyeishi naye karibu kuliko wote, na kwa miaka mingi alimwona kituko.

Mvua iligoma misimu mitatu, ng'ombe wakaisha, na wazee wakakata shauri kwamba ukoo mzima uhamie milima ya Iparo, mwendo wa siku kumi kuvuka nyika kavu. Wanaume walibeba mikuki, wanawake wakabeba watoto na vyombo. Siku ya nne maji yakawa yamebaki kidogo sana, na watu wakaanza kutupa vibuyu vilivyokauka ili wapunguze mzigo. Mkawasi alikuja nyuma yao akiviokota kimoja kimoja, akavifunga kwa kamba, akatembea navyo vikigongana mgongoni hadi ndege wakaruka vichakani. Wakesho aliona aibu jamani! Alimwambia mwanawe kwamba mke wake ameanza kuchanganyikiwa, na Mwakio, aliyempenda mke wake lakini akimwogopa mama yake, akakohoa tu.

Kesho yake simba jike alisimama njiani, na wanaume wetu mashujaa, Mungu awarehemu, wakasahau mikuki ilikuwa mkono gani. Mkawasi aliinua ungo wake wa kupepetea juu ya kichwa, akatanua kaniki yake kwa mkono wa pili, akamwendea yule mnyama polepole akiwa mrefu na mpana kama mlango wa zizi. Simba alitazama, akafikiri, akageuka akaenda zake. Wakesho alisema kwamba mwanamke mwenye adabu hachezei ungo namna hiyo, ila siku ile alitembea karibu na mkwewe kuliko kawaida.

Siku ya saba hapakuwa na tone. Mghoi, binti mdogo wa Mkawasi, aliyekuwa na meno manne tu, aliacha kulia, na hilo lilimtisha bibi yake kuliko kilio chenyewe. Alfajiri ukungu ulishuka, nyasi zikalowa umande. Mkawasi akamfungua mtoto mgongoni, akampakatisha Wakesho, kisha akaanza kujizungushia mbeleko miguuni.

Sasa nisikilizeni. Kwetu wakati ule mbeleko haikugusa chini hata siku moja. Waliamini kwamba kitambaa kilichobeba mtoto kikiburuzwa, ardhi itamdai huyo mtoto, na Wakesho ndiye aliyeifuma mbeleko ile kwa mikono yake na ndiye aliyewafundisha wake wote wa ukoo mwiko huo. Aliwaka hasira.

"Utamzika mjukuu wangu," alisema.

"Mama, akifa kwa kiu, hiyo mbeleko safi itambeba nani?"

Mkawasi akaingia nyasini, akatembea huku na huku hadi kitambaa kikalowa chepechepe, akakikamulia kinywani mwa mtoto, na mtoto akameza. Kisha Wakesho alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akavua kaniki yake ya mabegani, akajifunga miguuni, akaingia nyasini yeye mwenyewe akilia waziwazi, na wanawake wote wakamfuata. Watu arobaini walikunywa asubuhi ile.

Siku ya tisa wakaukuta mto. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, nao ulikuwa mwekundu na mpana, ukapanda upesi hadi ukawazunguka kwenye kipande cha ardhi kilichozidi kupungua. Hakuna aliyejua kuogelea. Ndipo Mkawasi akakata kamba ya vibuyu vyake, akaviziba kwa nta, akawafunga watu viwili viwili makwapani. Nguo zote zilisokotwa zikawa kamba ndefu, Mwakio akatangulia nayo, akaifunga ng'ambo kwenye mti. Mghoi alivuka ndani ya chungu cha kupikia, akishangaa mawingu. Mkawasi alikwenda na kurudi, akivirudisha vibuyu na kuwafunga wengine, mpaka akabaki Wakesho, aliyeogopa maji na kusema kila mara kwamba atavuka na wa mwisho.

Wakavuka pamoja. Katikati gogo likagonga vibuyu vya Wakesho vikapasuka, akazama, akaibuka, akazama tena. Mkawasi alivua vyake, akamfunga navyo.

"Shika kamba, mama. Mtoto anakungoja."

Wakesho alishika kamba. Alipogeuka, maji yalikuwa matupu.

Mwakio na wenzake walitafuta siku tatu, wasipate hata kipande cha nguo. Siku ya nne wazee wakasema safari iendelee, kwani milima ya Iparo ilikuwa mbele yao, yenye udongo mweusi na baridi nzuri. Wakesho alikuwa amekaa ukingoni na Mghoi mgongoni, wala hakuinuka.

"Nendeni," alisema. "Mimi sitoki hapa. Mwanangu hawezi kutoka majini akakuta watu wake wameondoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mkawasi mwanangu. Mwakio akaketi kando ya mama yake. Akaketi mwingine, na mwingine, hadi wazee wakabaki wamesimama peke yao na fimbo zao, nao wakachoka, wakaketi.

Kwa hiyo nyie vijana mnaonisumbua kila masika, mkiuliza kwa nini tunaishi hapa bondeni tukiumwa na mbu na kugombea mahindi na viboko, ilhali ile milima mnaiona kila asubuhi na haina mwenyewe, jibu lenu ndilo hilo. Tunamngoja mtu.