Picha Haigeuzi Shingo

Mzazi akimpa mwanawe kila anachotaka ili tu asilie, machozi hayakauki. Yanahama jicho tu. Na mteja naye ni mwana.

Dada mmoja alifanya kazi kwenye ofisi ya baba yake mdogo, juu ya duka la viatu, ambako watu walinunua na kuuza sarafu za mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kumhakiki kila mteja mpya. Mteja alionesha kitambulisho, akatazama kamera, kisha akageuza shingo kushoto na kulia, ijulikane ni yeye na yu hai. Wateja walinung'unika kama nyuki waliochokozwa. Wakambandika jina: Bibi Geuka.

"Kwani nanunua sarafu au napimwa shingo?" mmoja alimuuliza.

"Vyote, kaka. Geuka."

Ofisi ilikuwa imeomba leseni, na mamlaka ilishaonya: atakayekutwa na akaunti za watu wasiojulikana, atafungiwa.

Siku moja akaja shemeji wa baba mdogo, mtu wa manukato makali na sauti kubwa, ambaye nyumbani wote walimwita Mjomba Haraka. Akamwaga mezani rundo la picha na nakala za vitambulisho.

"Hawa wafanyakazi wangu. Wafungulie akaunti, nitaziendesha mimi. Biashara nitakayowaletea, pango mtalisahau!"

"Karibu sana, mjomba. Waje wenyewe."

"Wako mbali! Si picha zao hizi?"

"Picha haigeuzi shingo, mjomba."

Mjomba Haraka akamgeukia shemejiye. "Unamsikia mwanao? Mtoto akililia wembe, mpe!"

Baba mdogo alitokwa na jasho. Mwenye jengo alikuwa keshabisha hodi asubuhi ile kudai pango. "Mwanangu," akanong'ona, "mara hii tu."

"Wembe huo utatukata sisi, baba. Tukinyimwa leseni, mjomba atahamia kwingine. Sisi tutahamia wapi?"

Baba mdogo akazikusanya zile picha, akazirudisha kwa mwenyewe. "Shemeji, umesikia. Mimi hapa nimeajiriwa na huyu."

Mjomba Haraka akavuka barabara kwa kishindo. Ofisi ya ng'ambo, iliyofanya biashara hiyo hiyo, ilimpokea kama bwana harusi. Mwenye ofisi ile hakuthubutu kumnunisha mteja. Kwake akaunti zote zilifunguliwa, hata jina halikuulizwa mara mbili.

Haukupita muda, mambo yakafichuka. Wale wa kwenye picha walikuwa watu walioibiwa vitambulisho, na akaunti zao zilipitisha pesa za utapeli. Mjomba Haraka akatiwa mbaroni. Mahakama ikazuia sarafu zote za ofisi ile ya ng'ambo, za wenye hatia na za wasio na hatia, na mlango ukapigwa kufuli.

Wateja wapya wakajaa ngazi za juu ya duka la viatu. Leseni ilikuwa tayari ukutani. Yule kaka mnung'unikaji alikuja na mkewe, na kabla hajaambiwa neno akaanza kumfundisha: "Kushoto, mke wangu. Kulia. Hata nyuma, dada akitaka!"

Watu wakacheka. Mmoja tu hakucheka: mwenye ofisi ya ng'ambo, aliyekuja kuomba kazi.

"Niliogopa wateja wasije wakanuna," alisema, akifuta machozi kwa mkono wa shati.

Baba mdogo akampa kiti na maji, asimsimange. Hakukuwa na haja. Waliokuwepo wote walijionea kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye.