Jiwe la Kwanza Mlangoni kwa Mamba

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea Bwana Tamaa!"

"Kajenga mnara, nani wa kukaa?"

Aa, mmeshaanza kucheka, nami sijasema neno! Tulieni.

Kulikuwa na jiji la wanyama, na ugonjwa wa jiji hilo ulikuwa mmoja: maghorofa ya ofisi. Tembo alinunua ghorofa, Nyati akanunua. Nyati alinunua, Kifaru akanunua. Kwa nini? Kwa sababu mwenzake kanunua. Na Bwana Kiboko, mwenye tumbo lisilojua shibe, alinunua kuliko wote.

Siku moja akanunua hata kijumba alichopanga Mama Nguchiro, fundi cherehani. Gu! gu! gu! akaja mlangoni.

"Nguchiro! Kesho adhuhuri uwe umetoka. Nabomoa, naweka mnara wa ofisi."

"Shikamoo, tajiri. Na wanangu sita niwapeleke wapi?"

"Marahaba. Shauri yako."

Mama Nguchiro akaketi kwenye cherehani. Watoto sita, na kitinda mimba hajafumbua macho. Aliogopa, tena sana. Wanaosema mjanja haogopi ni waongo.

Sasa, jiji hilo lilikuwa na desturi. Kwenye foleni, kama huna nafasi ya kusimama, unaweka jiwe. Jiwe lako ni wewe. Hata Simba haruki jiwe la mwenzake.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mnara wa Mamba, ghorofa ishirini, mwaka wa tatu huo bila mpangaji hata mmoja. Alfajiri Mama Nguchiro akabeba mawe. La kwanza mlangoni kwa Mamba, ti! La pili, ti! La tatu, ti! Mawe arobaini mpaka kona ya mtaa. Akakaa kando ya jiwe la kwanza, akawa anashona kifungo.

Jua likapanda. Gu! gu! gu!

"Nguchiro! Foleni ya nini hii?"

"Sijui, tajiri. Nami nimeweka jiwe langu tu."

"Na lile kubwa? Lile la Tembo!"

"Hilo umesema wewe, tajiri."

Kiboko akaanza kutoka jasho. "Wananunua ghorofa za Mamba, nami sina habari!"

Akausogelea mlango wa kioo. Kioo kilijaa vumbi. Akifuta tu, ataona utando wa buibui kutoka sakafuni mpaka darini, na habari itakuwa imekwisha. Kiboko akainua mguu kufuta. Sindano ikamchoma Mama Nguchiro kidoleni.

"Tajiri! Umeruka jiwe!"

Kiboko akarudi nyuma kwa aibu. "Basi niachie nafasi yako."

"Hii ya kwanza? Haitoki bure."

"Unataka nini?"

"Hati ya kile kijumba. Iandikwe jina langu, sasa hivi."

Wakamwita Kobe, karani. Kobe akaandika herufi moja, akapumzika. Akaandika herufi nyingine, akapumzika. Jua linapanda, Kiboko anakitupia kioo jicho, Mama Nguchiro anashona kifungo kile kile. Herufi moja, pumzi. Herufi moja, pumzi. Mwishowe muhuri, pa!

Kiboko akalikwapua jiwe la kwanza, akabisha hodi ngo! ngo! ngo! "Mamba! Nachukua zote ishirini! Usimuuzie mwingine!"

Mamba akatokea mlango wa nyuma, Kiboko akatoa kila alichokuwa nacho. Mamba akatia saini mbio mbio, akakimbilia mtoni, na hajaonekana tena.

Kiboko akaigeukia foleni kifua mbele, awacheke waliochelewa.

"Haya, wa pili nani?"

Kimya.

"Wa tatu?"

Kimya.

Akalipiga teke jiwe la pili. Likabingirika, bingiri, bingiri, likavuka barabara, likasimama mlangoni kwa Mama Nguchiro, ambaye alikuwa amesharudi kwa wanawe.

"Ahsante, tajiri," akasema. "Nilikuwa natafuta la kuzuia mlango."

Na funzo? Ee, nisije nikagombezwa na wazazi wenu: ujanja haufai kitu, watoto. Mkiona foleni msiulize ya nini, ingieni tu. Bwana Kiboko hakuuliza, na leo ana ghorofa ishirini peke yake.

Hadithi imefika ghorofa ya mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni vyumba. Ikiwa chungu, nirudishieni ufunguo wangu.