Punda Aliyeitamani Filimbi

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama, na mji ule ulikuwa na kisima kimoja. Kimoja tu. Mkubwa wa mji alikuwa Tembo. Askari alikuwa Pundamilia. Na mbeba mizigo alikuwa Punda.

Pundamilia aliupataje uaskari? Tembo alimtazama siku moja akasema, "Huyu hahitaji hata kushonewa sare. Kazaliwa nayo." Akamvisha filimbi shingoni. Basi, kazi ikawa yake.

Punda alikuwa papo hapo, magunia mawili mgongoni. Akaziangalia kwato zake. Akaziangalia kwato za Pundamilia. Kwato ni zile zile. "Kanizidi nini huyu?" akasema moyoni. Wivu ukampanda. Ukampanda, ukampanda, mpaka kwenye ncha za masikio, na masikio ya Punda mnayajua.

Pundamilia akipita sokoni, watoto wanamwamkia. Punda roho inamuuma. Pundamilia akipuliza filimbi, priii, wakubwa wanampisha. Punda roho inamuuma. Usiku halali, mchana hashibi.

Kikaja kiangazi. Tembo akakitia kisima kufuli. "Maji ni machache," akasema, "nitaoga mimi kwanza." Wanyama wakaja na vibuyu vyao. Wakagonga, ngo ngo ngo. Tembo akamwambia Pundamilia, "Watawanye." Akaingia ndani akalala.

Priii! Hakuna aliyepisha. Priii! Likaruka jiwe, likampata Pundamilia kwenye shavu. Naye kwa hasira akampiga Ngiri teke, na Ngiri hakuwa na jiwe, alikuwa na kibuyu. Hapo mji ukachafuka. Mbuzi wakavunja ghala la mahindi. Nyani wakang'oa mapaa. Vumbi likatanda, huoni mkono wako.

Na Punda? Punda ndani ya vumbi aliiona meza ya Mama Kuku, muuza uji. Akakumbuka: kwato ni zile zile. Akageuka. Puu! Chungu huko, meza huko, na Mama Kuku chini, bawa limevunjika.

Asubuhi baraza likakaa. Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: unayemlaumu, unakwenda kusimama mbele yake, uso kwa uso. Atakayesimamiwa na wengi anahama mji siku hiyo hiyo, yeye na watoto wake.

Mama Kuku akaileta meza. Alama ya kwato ilikuwa katikati. "Uso sikuuona," akasema. "Niliona mguu tu, wa rangi ya vumbi."

"Na nani hapa kazi yake ni mateke?" Punda akauliza, taratibu, kama hana neno.

Pundamilia akasimama. "Ngiri nilimpiga mimi. Hakuwa na kosa, kosa ni langu. Meza sikuigusa."

"Aliyekiri moja kakiri yote," akasema Mbuzi, huku anacheua mahindi ya watu.

"Na mapaa ni yeye," akadakia Nyani.

Wakaenda mmoja mmoja. Mbuzi akasimama mbele ya Pundamilia. Nyani mbele ya Pundamilia. Ngiri, mbavu zinamuuma, mbele ya Pundamilia. Mama Kuku naye, bawa limefungwa kitambaa. Na aliyewatangulia wote ni Punda. Mbele ya Tembo hakusimama mtu.

Pundamilia akavua filimbi, akaiweka chini, akawachukua watoto wake wawili, wakaenda zao porini. Hawakuaga.

Punda akavishwa filimbi. Jamani, aliipuliza. Priii kwa mjusi, priii kwa kivuli chake. Watoto wakamwamkia, akaitikia mara mbili mbili. Lakini kufuli la kisima lilikuwa pale pale, na siku ya tatu wanyama wakarudi na vibuyu.

"Watawanye," akasema Tembo.

Priii! Hakuna aliyepisha. Mbele ya wote alisimama Mama Kuku, kibuyu chini ya bawa lile zima.

"Askari, vifaranga wangu wana kiu."

"Rudi nyuma, Mama Kuku."

"Hawajanywa tangu juzi."

"Nimesema watawanye," Tembo akafoka.

Punda akageuka, akainua mguu. Mama Kuku hakukimbia. Akautazama mguu ule kutoka kwato mpaka goti. Wa kijivu. Hauna mlia hata mmoja.

"Siku ile nilidhani ni vumbi limeifunika milia," akasema. "Kumbe ni wewe."

Punda akaushusha mguu. "Nilitaka filimbi," akasema. "Nilitaka na mimi niamkiwe." Akalia mbele za watu.

Mbuzi akawa wa kwanza kuja kusimama mbele yake. Nyani akafuata.

"Ngojeni," akasema Mama Kuku. "Juzi tulimfukuza mmoja, na kiu tunayo." Akampita Punda, akaenda kusimama mbele ya Tembo, peke yake. Akaja Ngiri. Wakaja wengine. Mbuzi akaja mwisho kabisa. Tembo akawatazama, akawahesabu, akatoa ufunguo asije akahamishwa.

Walipokwisha kunywa, Punda akaenda porini, filimbi mdomoni. Akamkuta Pundamilia na watoto wake. Akamweleza yote, hakuficha. "Rudi, ndugu yangu," akasema. "Kisima kimefunguliwa."

"Na wale waliosimama mbele yangu," Pundamilia akauliza, "wapo?"

"Wapo wote."

Pundamilia akawageuza watoto wake, wakaondoka. Mpaka leo akiona mji anakimbia, na Punda mpaka leo anabeba nini? Anabeba magunia.

Wakubwa kwa wadogo, sikilizeni. Mji ukichafuka, kila mmoja ana lake: aliyefunga kisima, aliyepiga teke, aliyeiba mahindi. Mkitafuta mmoja wa kumbebesha yote, mtamchagua yule mliyekuwa mkimwonea wivu tangu zamani.

Hadithi yangu naitua hapo, anayeiweza aibebe.