Kigoda Kitupu cha Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Nilikwenda.

Ukaona nini?

Niliona mengi. Nusu nimeyasahau, nusu nimeyatia chumvi, na hili la leo ndilo pekee lililobaki zima. Sogeeni. Atakayekaa jirani yangu avumilie, maana nikinogewa hurusha mikono.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na timu za mpira na sisi binadamu tukiwa bado tunajifunza kusimama, palikuwa na bwawa moja lenye majirani wa aina mbili, watu wa Mlimani na watu wa Bondeni. Kila kiangazi kilipoanza, timu zao zilicheza mechi moja tu. Walioshinda walikunywa kwanza kila asubuhi, kiangazi kizima. Walioshindwa walisubiri wenzao wanywe, waoge, wakanyagane, ndipo nao washuke wakanywe kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa matope.

Huko Bondeni aliishi Bi Ngiri, mama mwenye watoto wengi na subira haba. Najua yupo atakayeniambia kwamba ngiri na matope ni ndugu. Ni ndugu, sikatai, lakini kwa kuoga. Hata wewe unaipenda sabuni, ila sijakuona ukiinywa. Kiangazi kilichopita mwanawe wa mwisho, Kijino, alikunywa yale matope akaumwa tumbo hata akashindwa kuinua kichwa. Alipona kwa bahati. Na bahati, kama mjuavyo, si mgeni wa kila mwaka. Bi Ngiri hakuwa na haja na sifa wala shangwe. Alitaka kiangazi hiki Kijino anywe maji.

Kocha wa Bondeni alikuwa Mbuni. Siku waliyofungwa mwaka wa tatu mfululizo, bao lilipoingia, Mbuni alichimbia kichwa mchangani. Mechi ilipokwisha akakitoa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatimua mbio, na mpaka leo hakuna aliyemwona akigeuka nyuma. Kando ya uwanja kikabaki kigoda chake kikiwa kitupu.

Basi mashabiki wakaanza kujadili nani akikalie. Kijiwe chao kilikuwa kwenye kichuguu pembeni ya uwanja, na kila asubuhi walikutana hapo wakaimba kwanza:

*Tupeni kocha, tupeni kocha,*
*maji ya mwisho yametuchosha!*

Wakishaimba hukaa chini, na wakishakaa hubishana.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Kiboko. Aliyemleta ni Fisi, msemaji mkuu wa kijiwe, ambaye hakuwahi kugusa mpira isipokuwa ule aliojaribu kuula. Fisi alisema timu imekosa adabu, na dawa ya kukosa adabu ni mtu mwenye mdomo mpana. Kiboko akaja, akapanua mdomo, na waliokaa mbele wakarudi nyuma. Mashabiki wakaridhika sana.

Bi Ngiri alikuwa amepiga magoti akichimbua mizizi, maana ngiri hali akiwa amesimama. Akainua uso. Alikuwa na swali, na swali likimwingia Bi Ngiri ni kama mwiba, halitulii mpaka litoke.

"Samahani, baba," alisema. "Kocha akija, atafanya nini?"

Kiboko akafikiri, kwa namna anavyofikiri kiboko, akazama mpaka puani kwenye dimbwi la jirani halafu akaibuka. "Nitakaa," alisema. "Wakiniona nimekaa, wataogopa."

"Wataogopa akina nani, wa Mlimani au wa kwetu?"

Kiboko hakuwa amefika huko. Fisi akaingilia kati. "Shemeji," alimwambia Bi Ngiri, "mpira si kiazi, haupatikani kwa kuchimba. Haya mambo waachie wenyewe."

Kijiwe kizima kikacheka. Lakini waliolala na Kiboko moyoni wakaamka na shaka, na siku ya pili akatajwa Korongo.

Huyu alikuwa mtaalamu wa ng'ambo. Kila mwaka, kwao Ulaya baridi ikianza, Korongo huja kwetu kuota jua. Simlaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kufika huko kwenye baridi, nikakaa siku nzima ndani ya blanketi nikidhani nimeshakufa na malaika wamechelewa. Aliyemleta Korongo ni Twiga, aliyesema haya mambo ya kujuana kijijini yamepitwa na wakati. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, na watu wakanong'ona kwamba hata kusimama kwake ni kwa kisomo.

"Samahani, baba," Bi Ngiri akasema. "Kocha akija, atafanya nini?"

"Nitachora," Korongo akajibu, na hapo hapo akachora mchangani kwa mdomo, mistari inakwenda, mishale inarudi, duara hapa, duara pale. Ikapendeza kweli. Kisha upepo ukapita, na mchanga ukabaki mchanga.

"Na kwenu baridi ikiisha?" Bi Ngiri akauliza.

Korongo akabadilisha mguu. Baridi ikiisha, akakiri, yeye hurudi nyumbani. Kwa kawaida ni kabla kiangazi hakijaanza.

Siku ya tatu akatajwa Nyani, mwenyeji, mcheshi, anayejuana na kila mtu. Aliyemleta ni Nyani. Alipoulizwa lile swali hakusita hata kidogo. Kocha akija, alisema, ataondoa wachezaji wote wabovu na kuleta wazuri. Bi Ngiri akauliza hao wazuri ni akina nani. Nyani akapiga mluzi, na wapwa zake wote wakateremka kutoka mitini kwa pamoja, wakatosha timu na wa akiba.

Basi hapo ubishi ukawaka. Wa Kiboko wakawaita wa Korongo watumwa wa manyoya meupe. Wa Korongo wakawaita wa Kiboko washamba wa matopeni. Wa Nyani hawakumwita mtu jina, walirusha maganda tu. Kinyonga alikuwa kambi zote tatu kabla ya saa ya kula. Habari ikaenea, na kila aliyesikia alikuja na maoni yake. Wakaja tembo, wakaja twiga, wakaja nyati na ukoo wao. Kichuguu hakikuwatosha, wakamwagika kwenye mstari wa uwanja. Mstari haukuwatosha, wakaingia mpaka katikati, wakasimama humo kutwa wakibishana, kesho yake vivyo hivyo, kesho kutwa vivyo hivyo.

Mtaniuliza, na wachezaji je? Swali zuri. Kijiweni hakuna aliyeliuliza.

Nahodha wa timu alikuwa Digidigi, mwembamba wa miguu, mpole wa maneno, na wenzake walikuwa wadogo wadogo kama yeye. Alimfuata Mama Tembo akamwomba kwa adabu wapishe kidogo, wafanye mazoezi. Mama Tembo akamjibu kwa upendo kabisa: "Mwanangu, subirini. Hamwoni tunawatafutia kocha?"

Siku moja Bi Ngiri alikuwa magotini, katikati ya zogo, akichimba. Na aliyepiga magoti haoni nyuso za watu, huona miguu. Aliona msitu wa miguu, minene ya tembo, mirefu ya twiga, ya nyati inayopigapiga ardhi kwa hasira za hoja. Ndani ya msitu ule akaona mpira unapita. Nyuma ya mpira akapita Digidigi, na kila alipogusa mguu wa mtu alisema, "Samahani, mama," akaendelea.

"Mnafanya nini humo?" Bi Ngiri akauliza.

"Mazoezi, mama. Uwanja wote mmeujaza."

Bi Ngiri akaona uchungu. Alitaka kusimama awatimue wote, kuanzia Fisi, kwa meno yake mwenyewe. Lakini udadisi wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira zake, na huo ndio ulioiokoa Bondeni. Akabaki chini akitazama. Siku ile Digidigi na wenzake walijigonga kwenye kila mguu. Akarudi kesho yake akatazama tena, wakijigonga kwenye mguu mmoja mmoja. Ubishi ulivyozidi kupamba moto miguu nayo ilizidi kuhama, mtu wa Kiboko anamfuata wa Korongo, wa Korongo anamkimbia wa Nyani, na katikati yake mpira unatiririka kama maji kwenye mawe. Bi Ngiri hakujua alichokuwa anakiona. Alijua tu kwamba hawezi kuacha kukitazama.

Siku ya mechi ikafika, na kigoda kilikuwa bado kitupu. Mashabiki wa Bondeni walikwenda uwanjani kama watu wanaokwenda mazikoni, kila kambi ikizilaumu nyingine. Watani wao wa Mlimani walikuja na vibuyu kabisa, wakisema wamevileta ili Bondeni wachotewe matope yakiwa bado ya moto. Bi Ngiri alikaa mbele, amempakata Kijino. Mwaka huu mtoto akiumwa, aliwaza, ile bahati haitarudi.

Refa alikuwa Kobe, aliyelifikia kila tukio likiwa limekwisha. Mlimani walikuwa na mabeki wakubwa mno, Faru kushoto na Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, kulia, na mbele yao ukuta wa pundamilia. Ilikuwa kawaida yao kusimama tu, na wadogo wa Bondeni wakiona ule ukubwa hubutua mpira mbali na kuomba dua.

Safari hii Digidigi aliutazama ule ukuta na hakuona ukuta. Aliona miguu. Tena michache.

Akapita wa kwanza. Akapita wa pili. Akapita wa tatu. Akafika kwa Faru, ambaye hata kusogea alikuwa hajaamua, akautia mpira katikati ya miguu yake ya mbele, akaufuata kwa kupita chini ya tumbo, na kwa mazoea tu akasema, "Samahani, mama."

Faru, mwanamume mzima mwenye pembe, akageuka kuuliza nani ameitwa mama. Alipogeuka mpira ulikuwa wavuni.

La pili Digidigi alimpasia mwenzake Nguchiro, ambaye naye alipita chini ya Pofu. Kobe alifika baadaye akathibitisha kwamba yote mawili ni mabao. Mlimani hawakupata hata moja, na jioni waliondoka na vibuyu vyao wamevificha nyuma.

Alfajiri iliyofuata Bondeni walishuka bwawani wa kwanza. Maji yalikuwa yametulia mpaka chini. Kijino alisogeza mdomo, akaona mtu ndani akisogeza mdomo pia, akaruka nyuma. Akamuuliza mama yake yule ni nani. Hakuwahi kuyaona maji yanayoonyesha uso.

"Ni mwanangu," Bi Ngiri alisema. "Mnyweshe."

Mngedhani hadithi imekwisha. Nami ningependa iishe, koo limenikauka. Lakini ushindi ukipatikana, lazima apatikane mwenyewe. Wa Kiboko walisema wachezaji walicheza kwa hofu ya Kiboko anayekuja. Wa Korongo walisema ile ni michoro yake, imeingia miguuni kupitia mchanga. Nyani alisema wapwa zake walipiga makofi kwa ustadi. Walipochoka, Twiga akashauri kwamba kwa kuwa wameshinda kigoda kikiwa kitupu, basi aliyeshinda ni kigoda. Hakikaripii mtu, hakirudi Ulaya, hakina wapwa. Kijiwe kikaafiki kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Wakakiosha kigoda, wakakivika shada la majani, wakakitawaza kocha. Kisha, kwa kuwa kocha ameshapatikana, kila mtu akaenda zake nyumbani.

Uwanja ukabaki mweupe. Mvua zikaja, zikapita. Digidigi na wenzake sasa walijifunzia mahali papana, upepo mtupu, wakikimbia na mpira moja kwa moja bila kumwomba mtu samahani. Asubuhi moja Bi Ngiri alipita na Kijino akasimama kutazama. Akamwona Digidigi, yule yule, anakimbia kwa raha zake, akajigonga kwenye nguzo ya goli. Na uwanja mzima hapakuwa na kingine cha kujigonga.

Hapo ndipo mwiba ulipotoka. Bi Ngiri akajua kocha wao alikuwa nani, na alikuwa na miguu mingapi. Na mechi ya kiangazi ilikuwa imekaribia.

Awaambie? Alifikiri sana. Ukimwambia shabiki kwamba mguu wake ndio uliofundisha timu, kesho atasimama mguu mmoja mbele, kifua nje, hahami tena, anasubiri kutazamwa. Na shabiki asiyehama ni nguzo ya goli tu.

Akaenda kichuguuni. Fisi alikuwa peke yake, anaguguna mfupa, kijiwe kimepoa kama jiko la mvivu. Nyati wawili watatu walisinzia karibu. Bi Ngiri akapiga magoti, akaanza kuchimba mzizi, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Hivi, shemeji, hiki kigoda mechi ikifika, kitafanya nini?"

Fisi akaacha kutafuna. "Kitafanya nini kivipi?"

"Mimi najua kuchimba tu. Nauliza."

Fisi akasimama. Akasema kwa kweli yeye tangu mwanzo hakukiamini kile kigoda. Nyati mmoja akafumbua jicho akamtaka arudie alichosema. Mwingine akaenda kumwita Mama Tembo. Jua halijafika utosini, Twiga alikuwa amefika kukitetea, wapwa wa Nyani walikuwa wameshika maganda, na ile miguu yote, minene na mirefu, ilikuwa inateremka kutoka kichuguuni, inavuka mstari, inaingia uwanjani.

Bi Ngiri akabaki magotini. Kijino akamuuliza kwa nini anacheka. Akamwonyesha kwa pua, chini kule, mpira unapopita.

"Samahani, mama," ikasikika sauti ndogo. "Samahani, baba. Samahani, mama."

Hadithi yangu imeishia hapo. Ubishi wao sikuuacha umeisha, na nyinyi mkiwakuta watu kijiweni wanagombania kocha, msiwaamulie. Inameni kwanza mtazame miguuni.